Siku Mbili katika Nchi ya Wabaski

Katika mazungumzo ya leo tumekusudia kuwaeleza habari za watu wa Ulaya ambao jina lao halisikiki sana kwetu, nao ni Wabaski. Wengi hudhani ya kuwa Ulaya imegawanyika barabara kwa mataifa: Mfaransa husema Kifaransa, Mhispania husema Kihispania, Mwitalia husema Kiitalia, na mambo yamekwisha. Sivyo yalivyo. Katika pembe ya bahari, mahali Ufaransa na Hispania zinapokutana, wako watu wenye lugha isiyofanana na Kifaransa wala Kihispania, wala na lugha nyingine yo yote iliyo hai duniani. Lugha hiyo ilikuwako kabla ya Warumi kufika, nayo ingaliko hata leo. Jinsi ilivyopona, na kwa gharama gani, ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Tulipata kuiona nchi hiyo wakati tulipokuwa wanafunzi katika mji wa Madrid. Mwanafunzi aliye mbali na kwao hana fedha nyingi, lakini ana siku zake mbili za mwisho wa juma, na nauli ya basi si kubwa. Basi tuliondoka Ijumaa jioni, tukaenda upande wa kaskazini mwendo wa kilometa 400 hivi, tukafika mji wa Bilbao usiku. Na Jumapili usiku tukarudi masomoni. Siku mbili ni chache. Lakini mtu aliyesoma kidogo kabla ya kusafiri, tena asiyeona haya kuuliza, huweza kuona mengi.

NCHI YENYEWE

Katikati ya Hispania ni uwanda mpana ulioinuka, wenye jua kali na mvua chache. Lakini ukivuka milima ya kaskazini, mambo hubadilika. Mashamba ya ngano hutoweka, na mahali pake huja majani mabichi, miti mingi, ng'ombe na kondoo juu ya vilima. Upepo wa bahari huleta mawingu, na mvua nyembamba hunyesha karibu kila mwezi. Mvua hii haimlowanishi mtu mara moja, bali humlowanisha kidogo kidogo hata ajione amelowa chapachapa. Wenyewe huiita sirimiri.

Wabaski huiita nchi yao Euskal Herria, na lugha yao huiita Euskara. Nchi hiyo, kwa hesabu ya zamani, ina mikoa saba. Minne iko upande wa Hispania, nayo ni Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa. Mitatu iko upande wa Ufaransa, nayo ni Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa. Tangu mwaka 1979 Bizkaia, Gipuzkoa na Araba ni jimbo moja lenye bunge lake na serikali yake ya ndani. Nafarroa ni jimbo la peke yake. Na mikoa ile ya Ufaransa hutawaliwa pamoja na Ufaransa nyingine. Wakaaji wote wapata milioni tatu, na wajuao Kibaski vizuri ni zaidi ya laki saba. Kwa hiyo yafaa tufahamu tangu mwanzo ya kuwa Mbaski anayesema lugha yake, hata katika nchi yake mwenyewe, ni mmoja miongoni mwa wachache.

Zamani maisha ya Mbaski yalishikamana na nyumba ya shamba, iitwayo baserri. Ni nyumba kubwa ya mawe na mbao. Watu hukaa sehemu moja, na mifugo sehemu nyingine, chini ya paa moja. Katika sehemu nyingi desturi ilikuwa kwamba shamba lisigawanywe. Mrithi alikuwa mtoto mmoja tu, na mahali pengi aliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Wengine walipewa sehemu yao kidogo, wakaenda kutafuta maisha baharini, au kanisani, au Amerika. Ndiyo sababu taifa hili dogo lilitoa mabaharia wengi. Magellan alipouawa katika visiwa vya Filipino mwaka 1521, aliyeirudisha merikebu ya mwisho hata Hispania mwaka 1522, wakiwa watu 18 tu pamoja naye, alikuwa Mbaski wa Getaria, jina lake Juan Sebastián Elcano. Hivyo safari ya kwanza ya kuizunguka dunia yote ilitimizwa na mtu wa pwani hiyo.

Majina ya ukoo nayo yalitokana na nyumba. Etxe maana yake ni nyumba, na berri ni mpya. Basi Etxeberria ni "nyumba mpya", na watu wenye jina hilo ni wengi. Hapa pana jambo lituhusulo sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Jina la Xavier, ambalo Wakristo wengi wa kwetu hubatizwa kwalo, latokana na maneno hayo hayo mawili. Francisko Xavier alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Nafarroa iliyoitwa kwa jina hilo, na Kibaski kilikuwa lugha yake ya asili. Mwaka 1542, alipokuwa akitoka Msumbiji kwenda Goa, chombo chake kilitia nanga Malindi. Basi kijana wa Malindi au wa Kigoma aitwaye Xavier huchukua neno la Kibaski kila siku, wala hajui.

MJI WA BILBAO

Jumamosi asubuhi tuliamka mapema tukaitazama Bilbao. Mji huu ulikua kwa ajili ya chuma. Vilima vya karibu vilikuwa na mawe ya chuma, na mawe yale yalikuwa na fosforasi kidogo sana. Jambo hilo dogo lilikuwa na maana kubwa: katika nusu ya pili ya karne ya 19, namna mpya ya kufanya chuma cha pua ilihitaji mawe ya jinsi hiyo hasa. Waingereza wakayanunua kwa wingi. Matajiri wa Bilbao wakajenga viwanda vyao, na baadaye viwanda vya meli. Na maelfu ya watu kutoka sehemu nyingine za Hispania wakaja kuchimba na kufanya kazi. Wageni hao walisema Kihispania. Katika migodi, maduka na ofisi Kihispania kikawa lugha ya kazi, na Kibaski kikabaki mashambani. Hivyo utajiri wenyewe uliipunguza lugha, hata kabla mtu hajaikataza kwa sheria.

Karibu na mahali mto wa Bilbao unapoingia baharini tuliona daraja la ajabu, lililofunguliwa mwaka 1893 na kusanifiwa na Alberto Palacio. Shida ilikuwa hii: watu walitaka kuvuka, na meli zenye milingoti mirefu zilitaka kupita, na kingo za mto ni za chini. Daraja la kawaida lingezizuia meli. Palacio alisimamisha minara ya chuma kando ya mto, akaiunganisha kwa boriti refu la chuma, kiasi cha mita 45 juu ya maji. Kutoka boriti hilo zashuka kamba za chuma, na chini yake kimening'inizwa chombo kama chumba kikubwa. Watu na motokaa huingia humo, nacho huvutwa kwa magurudumu yaendayo juu ya boriti, kikatua ng'ambo kwa muda wa dakika mbili hivi. Ni pantoni isiyogusa maji. Boriti lilivunjwa vitani mwaka 1937, likajengwa tena mwaka 1941, na hata leo daraja lafanya kazi. Tulilipa senti chache tukavuka, kisha tukavuka tena kwa furaha tu.

Viwanda vile vikubwa vilifungwa vingi katika miaka ya 1980 na 1990, na kazi zikapotea. Mwaka 1997 mji ulifungua nyumba kubwa ya sanaa iitwayo Guggenheim, iliyosanifiwa na Frank Gehry, ambayo kuta zake zimefunikwa kwa mabati membamba ya titani, nazo hung'aa kama magamba ya samaki. Hapo palipokuwa na gati na maghala, sasa wageni wa dunia nzima hutembea. Wengine husema kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kwa viwanda. Wengine husema kwamba nyumba hiyo ndiyo iliyouokoa mji. Sisi tulisikia maneno yote mawili katika mkahawa mmoja, kwa meza mbili zilizokaribiana.

LUGHA ISIYO NA NDUGU

Sasa na tuitazame lugha yenyewe. Kihispania, Kifaransa na Kiitalia ni watoto wa Kilatini. Kiingereza na Kijerumani ni ndugu. Na hao wote, pamoja na Kirusi, Kiajemi na Kihindi, wana babu mmoja wa kale. Kibaski hakimo katika ukoo huo. Majina yaliyochorwa juu ya mawe wakati wa Warumi, kusini ya Ufaransa, yaonyesha kwamba lugha hii, au iliyokuwa mzazi wake, ilisemwa huko miaka elfu mbili iliyopita.

Mtu wa Ulaya huiona lugha hii kuwa ngumu mno. Lakini msomaji wa Kiswahili atashangaa kukuta mambo mawili matatu asiyoyaogopa. Sisi husema nyumba, kisha hutia kiambishi mwishoni tukasema nyumbani. Wao husema etxe, kisha husema etxean, yaani nyumbani; etxera, yaani kwenda nyumbani; na etxetik, yaani kutoka nyumbani. Tena, sisi twasema "nakupa", na katika neno hilo moja amo anayetoa na amo anayepewa. Wao husema ematen dizut: katika neno lile la pili, zu ni wewe, na t ya mwisho ni mimi. Mwingereza huhitaji maneno mbalimbali kwa watu hao wawili; sisi na Wabaski huwatia wote ndani ya kitenzi. Wala msidhani ya kuwa lugha hizi ni ndugu. Ni mfano tu wa njia mbili zilizokutana bila kujuana.

Kwa hesabu, wao huhesabu kwa ishirini. Hogei ni 20. Berrogei, yaani ishirini mbili, ni 40. Hirurogei, yaani ishirini tatu, ni 60. Na laurogei ni 80. Mtu wa miaka 70 husema ana "ishirini tatu na kumi".

Lakini neno lililotugusa kuliko yote ni jina wanalojiita wenyewe. Mbaski huitwa euskaldun, na maana yake ni "mwenye Kibaski". Jina hilo halitaji rangi, wala damu, wala mahali pa kuzaliwa, lataja lugha. Basi mtu akiipoteza lugha, amepoteza jina lenyewe. Na mgeni akijifunza, jina hilo lamfaa.

SAFARI YA GERNIKA

Baada ya saa sita mchana tulipanda treni ndogo iendayo Gernika, mwendo wa saa moja hivi, kupita mabonde na vijiji. Mbele yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia nyeusi ya duara. Tulimwamkia kwa Kihispania, akaitikia kwa adabu tu. Kisha tukajaribu neno tulilokuwa tumejifunza asubuhi, egun on, yaani siku njema. Mzee akacheka, akatusahihisha, kwa kuwa ilikuwa mchana, nao mchana husema arratsalde on. Akatuuliza kwetu ni wapi, na lugha yetu ni ipi, na kama ina vitabu. Tulipomwambia ya kuwa Kiswahili husemwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi, na ya kuwa kina mashairi ya karne nyingi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ninyi mna bahati."

Ndipo alipotueleza habari za pete. Alipokuwa mtoto shuleni, mwalimu alikuwa na pete moja. Mtoto wa kwanza aliyesikiwa akisema Kibaski alipewa pete hiyo, naye hakuwa na njia ya kuitoa ila kumvizia mwenzake mpaka amsikie akisema Kibaski, akampa yeye. Aliyekuwa nayo mwisho wa juma alipigwa. "Fimbo nimekwisha isahau," alisema mzee, "lakini sijasahau kwamba nilimchokoza rafiki yangu makusudi, nikamkanyaga mguu, ili alie kwa lugha ya mama yake nipate kumpa pete."

Wasikilizaji, desturi hiyo haikuwa ya shule moja. Ilijulikana mahali pengi katika nchi ya Wabaski, pande zote mbili za mpaka. Na desturi iliyofanana nayo, ya kibao au kitu kingine cha kuvishwa, ilijulikana katika shule nyingi za Kenya, kwa watoto waliosema lugha za kwao. Tazameni jinsi ilivyofanya kazi. Mwalimu hakuhitaji kusikiliza. Watoto wenyewe walisikilizana. Hofu ikaingia kati ya rafiki na rafiki, na mtoto akajifunza kuionea haya sauti ya mama yake. Wengi wa watoto hao, walipokuwa wazazi, hawakuwafundisha watoto wao Kibaski, kwa kuwahurumia.

Gernika ni mji mdogo wenye soko mashuhuri siku ya Jumatatu. Juu ya mlima wake pana mwaloni, na chini ya mwaloni huo tangu karne za kati wazee wa Bizkaia walikutana kufanya sheria. Mfalme aliyetaka kuwa bwana wa Bizkaia hakupokewa mpaka ameapa kuziheshimu sheria za nchi. Sheria hizo zilifutwa na serikali ya Hispania mwaka 1876, lakini mti ulibaki kuwa alama. Mti unaosimama sasa ulipandwa mwaka 2015, nao ni wa uzao wa miti iliyotangulia. Kando yake, chini ya paa lenye nguzo, limehifadhiwa shina la mti wa kale. Mwaloni hufa kama vitu vyote. Kwa hiyo hupanda mbegu zake mapema, mti mmoja ukifa, mtoto wake yuko tayari.

Siku ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, eropleni za Wajerumani na za Waitalia, zilizokuja kumsaidia Jemadari Franco, ziliupiga mji huu kwa mabomu muda wa saa tatu na zaidi. Yalikuwa mabomu ya kubomoa na mabomu ya kuchoma, na watu waliokimbilia mashambani walipigwa risasi kutoka juu. Sehemu kubwa ya mji iliteketea. Mwaloni na nyumba ya baraza iliyo karibu nao vilisalimika. Kisha upande wa Franco ukatangaza ya kuwa Wabaski wenyewe ndio walioutia moto mji wao, na neno hilo lilirudiwa miaka mingi. Mwenye Gernika aliyeona kwa macho yake alikatazwa kusema aliloliona. Mchoraji Pablo Picasso, aliyekuwa Paris, alichora mwaka huo huo picha kubwa iitwayo Guernica, nayo ililetwa Hispania mwaka 1981, baada ya Franco kufa na serikali ya watu kurudi. Iko Madrid, nasi tulikuwa tumeiona kabla ya safari. Mwaka 1997, miaka 60 baada ya shambulio, rais wa Ujerumani, Roman Herzog, aliwaandikia waliosalia, akakiri kwamba marubani wa Ujerumani walikuwa na hatia. Waliosoma barua hiyo walikuwa wazee. Ukweli ulikuwa umechelewa, lakini ulifika.

JINSI LUGHA ILIVYOSIMAMA TENA

Franco alipoitwaa nchi yote, Kibaski kiliondolewa katika shule, ofisi na magazeti. Hata majina ya Kibaski hayakukubaliwa kuandikwa katika vitabu vya uzazi. Lakini katika miaka ya 1940, katika mji wa Donostia, mwalimu mwanamke aitwaye Elbira Zipitria alianza kufundisha watoto wachache kwa Kibaski, nyumbani, bila ya kutangaza. Wanafunzi wake walikuwa wachache kiasi cha kuingia katika chumba kimoja. Polepole wanawake wengine walijifunza kazi hiyo kwake, na katika miaka ya 1960 shule za namna hiyo, ziitwazo ikastola, zilienea kwa michango ya wazazi.

Mara ikatokea shida nyingine, ambayo wasomaji wa Kiswahili wataielewa upesi. Kibaski kilikuwa na lahaja nyingi. Kitabu cha kusomea kiandikwe kwa lahaja ipi? Kitabu cha kwanza kabisa cha Kibaski, cha padre Bernat Etxepare, kilipigwa chapa mwaka 1545, lakini waandishi waliofuata waliandika kila mmoja kwa namna ya kwao. Chuo cha Lugha ya Kibaski, kilichoanzishwa mwaka 1919, kilikutana mwaka 1968 katika nyumba ya watawa ya Arantzazu, na mtaalamu Koldo Mitxelena akaeleza njia ya kufuata, ili pawe na Kibaski kimoja cha kuandikia. Palikuwa na ugomvi mkali, na sehemu yake kubwa ilihusu herufi moja tu, h, ambayo watu wa upande wa Ufaransa huitamka na wa upande wa Hispania hawaitamki. Watu wazima walikasirikiana kwa ajili ya pumzi! Lakini wakumbuke wanaocheka. Kwetu nako, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930, wenye Kimvita na lahaja nyingine hawakufurahi wote. Lugha ya kuandikia haipatikani ila watu wakubali kila mmoja kupoteza kidogo.

Franco alikufa mwaka 1975. Sheria ya mwaka 1979 ilikifanya Kibaski kuwa lugha ya serikali pamoja na Kihispania katika jimbo la mikoa mitatu, na tangu mwaka 1982 pana redio na televisheni za Kibaski. Leo wanafunzi wengi wa jimbo hilo hupata masomo yao kwa Kibaski. Upande wa Ufaransa lugha hiyo haina cheo cha serikali, na huko wasemaji wengi ni wazee. Ndiko hatari ingaliko.

Hatuwezi kuificha sehemu ya giza ya habari hii. Kikundi kiitwacho ETA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kilichukua silaha kwa jina la Wabaski, kikaua watu zaidi ya 800, miongoni mwao askari, mahakimu, madiwani wa miji, na watu wapitao njiani. Nao baadhi ya watu wa serikali ya Hispania walitumia mateso na mauaji ya siri, hata mahakama zikawahukumu wengine wao. ETA iliacha vita mwaka 2011, ikajivunja mwaka 2018. Katika vijiji vingi mjane na jirani yake aliyemshangilia muuaji hununua mkate katika duka moja. Na mtu akiuliza ni nini kilichoipa lugha nguvu, jibu liko wazi: mwalimu aliyefundisha chumbani na wazazi waliochanga fedha walifanya lisiloweza kufanywa na bastola.

DONOSTIA, CHAKULA NA MASHAIRI

Jumapili tulikwenda Donostia, ambao Wahispania huuita San Sebastián. Ni mji mzuri wa pwani, wenye ghuba iliyopinda kama nusu ya kombe, na kisiwa kidogo katikati ya mlango wake. Mitaa ya zamani imejaa mikahawa, na juu ya meza ndefu hupangwa vipande vya mkate vilivyotiwa samaki, mayai, pilipili za kukaanga au nyama, vikashikwa kwa kijiti. Huviita pintxo. Mara nyingi mtu hula akisimama, na vijiti vinavyobaki ndiyo hesabu ya malipo. Mwislamu hana budi kuuliza, kwa maana nyama ya nguruwe na mvinyo ni vitu vya kawaida huko. Lakini samaki ni wengi, na hakuna anayeona vibaya kuulizwa.

Tulikula chewa aliyekaushwa kwa chumvi, kwa namna iitwayo pil-pil. Tukacheka kwa jina, tukidhani ni pilipili. Pilipili imo kidogo, lakini jina husemwa kuwa ni sauti ya mafuta yakichemka. Huchukuliwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na samaki. Chungu hutikiswa polepole kwa kuzungushwa, na utomvu wa ngozi ya samaki huchanganyika na mafuta, ukawa mchuzi mzito bila unga wo wote. Siri yote ni katika mkono. Tena katika mji huu wako wanaume waliojiunga katika vyama vya kupika: hukutana jioni, hupika wao wenyewe, hula na kuosha vyombo. Desturi hiyo ni ya tangu karne ya 19, na zamani wanawake hawakuruhusiwa kuingia jikoni humo. Tunaiacha habari hii kwa wanaume wa kwetu waifikiri.

Mchana, katika uwanja wa mji, tuliwakuta washairi wawili wamesimama juu ya jukwaa. Hao huitwa bertsolari. Msimamizi huwapa jambo la kusemea, mathalan, "Wewe ni baba anayetaka kuuza shamba, na wewe ni binti asiyetaka". Nao hapo hapo, bila kuandika, huimba beti kwa zamu, kwa vina na mizani na sauti inayojulikana, mmoja akimjibu mwingine. Ufundi wao ni huu, kwamba mshairi hulifikiri kwanza neno la mwisho, lenye kuchoma, kisha hutafuta njia ya kulifikia. Hatukufahamu maneno, lakini tulifahamu kabisa kinachofanyika, maana vina tulivisikia, na watu walipolijua neno la mwisho kabla halijatamkwa waliliimba pamoja naye. Kila baada ya miaka minne hufanywa mashindano makubwa, na siku ya mwisho hukusanya watu zaidi ya 10,000 katika jumba moja. Mwaka 2009 mwanamke, Maialen Lujanbio, alishinda kwa mara ya kwanza. Watu elfu kumi kukaa kutwa nzima kusikiliza mashairi ya papo kwa papo! Lugha yenye wasikilizaji wa namna hiyo haifi upesi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Katika habari hizi twaona mambo matatu. La kwanza, lugha haiuawi na sheria peke yake. Huuawa na haya, mzazi anapoogopa kuisema mbele ya mtoto wake. La pili, kuisema nyumbani hakutoshi, bali yahitaji kuandikwa, na kuandika kwahitaji mapatano juu ya mambo madogo kama herufi moja. La tatu, lugha huishi kwa kupendwa, na watu huipenda lugha inayowachekesha, inayowalisha mashairi, na inayowapa jina. Mbaski mwenye Kihispania na Kibaski hakupungukiwa na kitu, ameongeza.

Ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, wengi wenu mna lugha ya nyumbani, tena mna Kiswahili, tena mwajifunza lugha ya tatu. Mwulizeni bibi au babu yenu maneno kumi ya lugha ya kwenu ambayo hamyajui: jina la mti, la ndege, la chombo cha zamani. Yaandikeni katika daftari, na maana yake. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na haina nauli.